Kiti cha Mwisho kwa Benchi

Mechi yangu ya mwisho ya basketi nikiwa chuo nilicheza dakika mbili na sekunde kumi na moja. Hiyo hesabu naijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naandika. Kocha wetu, tulikuwa tunamwita Mwalimu tu, alikuwa na sheria ambayo sijaiona kwa timu nyingine yoyote hapa Nairobi: anayekaa kiti cha mwisho kwa benchi anapewa daftari. Unaandika kila mpira tunaopoteza, nani kaupoteza, alikuwa amesimama wapi, nani alikuwa anambana. Mimi nilikaa hicho kiti karibu miaka yote minne, nikajaza madaftari sita ya Kasuku, na bado ninayo, yako kwa sanduku la bati kwa mama huko Buruburu na kila akisafisha nyumba ananipigia simu kuuliza kama yatupwe.

Ilikuwa 2015, gym ya Nyayo, Jumapili jioni, na gadi wao, yule anayeuleta mpira, alikuwa anatumaliza. Yaani anapita katikati yetu kama hakuna mtu. Watu wetu wakaanza kulaumiana, mara huyu mara yule, lakini kwa daftari langu kitu kilikuwa kinajirudia: akiwekewa skrini upande wa kulia, yaani mwenzake asimame kumzuia anayembana, anaenda nayo hatua mbili, halafu anarudi kushoto ndio anapiga. Mara saba kati ya tisa. Nikainama nikamwambia Mwalimu. Hakuniuliza kitu, akaita taimauti, wasichana wakaja wamekasirika wakinyang'anyana chupa za maji, na Mwalimu akarudi nyuma hatua moja akasema, "Haya, waambie."

Taimauti, yaani kocha kusimamisha mechi aongee na timu, ni dakika moja. Sikutumia hata sekunde ishirini. Niliwaambia mbaneni mkono wa kushoto, huko kulia mwachieni, atarudi tu. Tulipoteza hiyo mechi kwa pointi nne, lakini kutoka hapo huyo gadi alifunga mara moja pekee, na mimi nikatoka Nyayo nikatembea mpaka tao kando ya Uhuru Highway, begi mgongoni, sikusikia hata uchovu. Nilikuwa nimepata kitu ambacho sikuwa nimewahi kukipata nikiwa na mpira mkononi.

Naandika haya kwa sababu wasichana wengi wananiuliza, Kocha, ulifikaje hapo, na wewe hukuwa unacheza sana? Na wengine wanauliza wakiwa wamekata tamaa kabisa, wako chuo mwaka wa pili, wamegundua hawataingia kwa wale watano wa kwanza na wanataka kuacha. Jibu langu ni refu.

Watu wakisikia fulani alicheza basketi chuo halafu akawa kocha, wanadhani lazima alikuwa staa. Angalia historia yenyewe ya huu mchezo huko Marekani. James Naismith, aliyeubuni mwaka 1891 pale Springfield, alikuja kuwa kocha Chuo Kikuu cha Kansas, na mmoja wa vijana wake, Phog Allen, baadaye akaichukua hiyo timu. Allen naye akawa na mchezaji anaitwa Dean Smith. Kansas walibeba ubingwa wa vyuo mwaka 1952 na Smith alikuwa kwa hiyo timu, lakini wa akiba. Mtu wa benchi. Huyo wa benchi ndiye alikuja kuwa kocha wa Chuo Kikuu cha North Carolina kuanzia 1961 hadi 1997, akashinda mechi 879 na ubingwa mara mbili, na ule wa 1982 kikapu cha ushindi kilipigwa na kijana wa mwaka wa kwanza anaitwa Michael Jordan. Nikifikiria huyo Smith wa 1952 namwona ameketi pale, Allen yuko viti vichache tu kutoka kwake, anasikia kila neno. Mtu aliye uwanjani hayasikii hayo maneno, anasikia kelele na pumzi zake mwenyewe.

Nilipomaliza chuo nilitafuta kazi kama kila mtu, nikapata ya kuuza bima, nikawa mchana nazunguka na mafomu na wikendi nakaa meza ya skoa, pale rekodi ya mechi inaandikwa. Pesa ya hapo ilikuwa nauli na chakula basi. Lakini wacha niwaambie, kama unataka kuwa kocha na hujui uanzie wapi, nenda ukae hiyo meza. Ile karatasi ina lugha yake. Kota, yaani robo ya mechi, ya kwanza na ya tatu unaandika na kalamu nyekundu, ya pili na ya nne unashika bluu au nyeusi. Mtu akifunga kikapu cha kawaida unapiga mstari wa mshazari kwa namba ya skoa na kando yake unaandika namba ya jezi, akipiga ya pointi tatu hiyo namba ya jezi unaizungushia duara, na mpira wa faulo ukiingia unaweka kitone unakikoleza. Ukikosea kimoja tu refa anakuja mezani, makocha wote wawili wanakuja, na kila mtu anakuangalia wewe.

Baada ya miezi kadhaa nikaanza kusoma hiyo karatasi kama barua. Unaona kabisa mahali timu ilikufa. Hapa timu A wamefunga, wamefunga, wamefunga, pointi kumi na moja mfululizo, upande wa pili hakuna kitu, na ukiangalia sehemu ya taimauti, kocha wa timu B hakuita. Alikuwa amekunja mikono anapigia refa kelele. Sheria zinakupa taimauti mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili, na ukifika dakika mbili za mwisho bado umeshikilia zote tatu, moja imeenda, utatumia mbili tu. Nimeona makocha wakubwa, watu nawaheshimu, wakipoteza ile moja hivyo hivyo, na mimi niko mita mbili kutoka kwao na kalamu mkononi na siruhusiwi kusema chochote.

Kocha wa timu moja ya ligi alikuwa ananiona kila wikendi, siku moja akaniambia, "Dada, wewe unaandika hata vitu hujaulizwa. Njoo utusaidie na vidio." Hapo ndio jina la Erik Spoelstra likaanza kuwa na maana kwangu.

Spoelstra alikuwa gadi Chuo Kikuu cha Portland, mchezaji mzuri tu, wala hakufika NBA, ligi kubwa ya Marekani, kama mchezaji. Alienda Ujerumani miaka miwili akicheza na kusaidia kufundisha klabu ndogo ya Herten, halafu 1995 akaingia Miami Heat, timu ya NBA, kwa kazi ya vidio. Kazi yake ilikuwa kukata kanda. Wakati huo vidio ni kanda kweli, unarudisha nyuma, unapeleka mbele, unarekodi kipande hiki kwenye kanda nyingine, usiku mzima, ili asubuhi kocha Pat Riley apate dakika chache za kuwaonyesha wachezaji. Kutoka hapo akapanda pole pole, akawa kocha msaidizi, na 2008 Riley akamkabidhi timu yote. Miaka kumi na tatu. Halafu 2012 na 2013 akabeba ubingwa akiwa na kina LeBron James, na watu wakasema amepewa timu ya mastaa ndio maana. Mimi hiyo lawama huwa inaniuma, kwa sababu kuna mtu alikaa na kanda miaka na miaka akijifunza mpira unaenda wapi mtu akifanya hivi, halafu siku anapewa nafasi unasema amebahatika.

Vidio yangu mimi ilikuwa simu juu ya tripodi, na tripodi yenyewe mguu mmoja umefungwa na selotepu. Unafika Nyayo mapema upate kona ya juu kabisa, kwa sababu ukiwa chini huoni difensi inasogea vipi. Ukirudi nyumbani unahamisha kwa laptopu, unakata klipu moja moja, sekunde nane, sekunde kumi na mbili, halafu unapunguza ukubwa kwa sababu hakuna msichana kwa timu ataharibu bando yake yote kufungua faili ya kocha. Klipu moja, funzo moja. Nilijifunza hivyo baada ya kuwatumia dakika ishirini kwa mkupuo na nikagundua hakuna aliyetazama. Hata wewe ungetoka kazini umechoka umesimama kwa matatu ya Kayole hungetazama.

Sasa kuna kitu cha jezi lazima nikiseme.

Kwa hiyo timu kocha msaidizi alikuwa mimi, mtu wa vidio mimi, na wa kufua jezi pia mimi. Hakuna aliyeniambia fua, ni vile tu nani mwingine? Kwetu wakati huo maji yalikuwa yanakuja siku mbili kwa wiki, kwa hivyo ratiba ya timu nzima ilikuwa inategemea mfereji wetu. Yakikuja Alhamisi alfajiri naamka saa kumi, najaza mitungi, halafu naloweka jezi kumi na mbili kwa beseni. Jasho la mechi lina ukaidi wake, na zile namba zimebandikwa, ukisugua na brashi zinatoka, kwa hivyo unageuza nje ndani na unatumia kiganja. Namba saba ilikuwa imeanza kubanduka kwa kona, nikawa naishika na kidole gumba nikisugua pembeni. Mama alisimama mlangoni siku moja, leso begani, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, nilikulipia karo ya chuo." Basi. Hakuongeza. Akaenda akarudi na beseni la pili na akaanza kusuuza.

Nilikuja kusoma kuhusu Pat Summitt baadaye, na nikalia, sioni aibu kusema. Alikuwa amecheza chuo cha Tennessee tawi la Martin, na mwaka 1974, akiwa na miaka 22, akapewa timu ya wasichana ya Chuo Kikuu cha Tennessee. Mshahara dola 250 kwa mwezi. Alikuwa anaendesha gari la timu yeye mwenyewe na anafua jezi yeye mwenyewe, na baadhi ya wachezaji wake walikuwa karibu umri wake. Mechi ya kwanza alipoteza, 84 kwa 83. Mwaka 1976 bado alikuwa mchezaji, akaenda Olimpiki ya Montreal na timu ya Marekani wakarudi na medali ya fedha, na 1984 akawa kocha wa ile iliyoshinda dhahabu Los Angeles. Alikuja kustaafu 2012 akiwa na ushindi 1,098 na ubingwa wa vyuo mara nane. Alikuwa ameugua Alzheimer, akafariki 2016, na kila mchezaji aliyemaliza miaka yake yote ya kucheza kwake alipata digrii. Hiyo ya mwisho ndio mimi naiweka juu ya zile nane.

Halafu nikapata shule. Shule ya kutwa ya wasichana huku Eastlands, uwanja wa simiti una ufa unapita katikati kutoka upande hadi upande, ringi moja imeinama, nyavu hakuna. Mwalimu wa michezo aliniambia, "Madam, hatuna bajeti, lakini wasichana tunao." Nikakubali. Ndio mara ya kwanza mimi kuwa kocha mkuu wa kitu chochote, na kwa sababu basketi ya shule huchezwa muhula wa kwanza, nilikuwa na wiki kama tano tu za kutengeneza timu.

Taimauti yangu ya kwanza kama kocha mkuu niliiharibu na nataka mjue vile niliiharibu. Tulikuwa tumeachwa pointi tisa. Nikaita. Nikashika ubao, nikachora mchezo mmoja, nikaufuta, nikachora mwingine, nikaongea juu ya ribaundi, yaani kudaka mpira uliokosa kikapu, nikaongea juu ya skrini, nikamkemea kapteni, nikarudi kwa ribaundi. Dakika yote. Mlio ukalia bado naongea. Wasichana wakarudi uwanjani na nikaona kapteni anamuuliza mwenzake, "Amesema tufanye nini?" Tulipigwa na pointi kumi na saba. Kwa mat nikirudi nikakumbuka sekunde zangu ishirini za Nyayo, mbaneni kushoto, kulia mwachieni. Nilikuwa najua hii kazi nikiwa mchezaji wa akiba na nikaisahau nilipopewa cheo.

Tangu siku hiyo sheria yangu ni kitu kimoja kwa kila taimauti. Sekunde kumi na tano za kwanza siongei, wanakunywa maji. Halafu nauliza mmoja wao, unaona nini? Mara nyingi jibu liko hapo. Halafu nasema kile kitu kimoja, na kapteni anakirudia kwa mdomo wake. Msimu wa pili tulifika fainali ya kaunti ndogo, tukapoteza, lakini hakuna aliyeuliza amesema nini.

Korona ikaja shule zikafungwa, michezo ikasimama, na mimi bima pia ikasimama. Nitapita hapo haraka. Kitu nakumbuka ni Februari 2021, Kenya Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, wako Yaoundé wanacheza na Angola, mabingwa wa Afrika mara nyingi kuliko nchi yoyote, na sisi tuko nyumbani na kafyu, watu wanne simu moja. Tylor Ongwae akapiga ile ya mwisho, 74 kwa 73. Nchi ilikuwa haijafuzu AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, tangu 1993, mwaka tulioandaa sisi wenyewe hapa Nairobi. Majirani walitoka kwa balkoni wakidhani kuna kitu kimetokea mtaani. Na mimi nilikuwa nalia nikiangalia upande wa benchi, kwa sababu kocha aliyesimama pale alikuwa mwanamke, Liz Mills kutoka Australia, ambaye alikuwa amepitia kufundisha klabu huko Zambia na kusaidia timu za taifa za Zambia na Cameroon kabla aje kwetu. Baadaye mwaka huo huko Kigali akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume AfroBasket. Na alikuwa na jezi yetu.

Lakini lazima niseme pia kile kinaniuma. Angalia hizo ngazi nimetaja. Spoelstra alilipwa kukata kanda, kidogo lakini alilipwa. Summitt alilipwa dola 250. Sisi hapa mtu anaanza bure, anaendelea bure, na akifika mahali anajua kazi sawasawa, ana watoto, ana kodi ya nyumba, anaacha. Timu moja nilifanyia kazi msimu mzima kwa ahadi ya marupurupu, nikaambiwa mwisho wa mwezi, nikaambiwa baada ya fainali, nikaambiwa mdhamini hajatuma, na mpaka leo. Naijua orodha ya watu angalau saba, wanaume kwa wanawake, waliokaa benchi na daftari na macho makali kuniliko, na sasa wanauza nguo Gikomba au wako Qatar wanalinda milango. Tunasema hatuna makocha wenyeji wa kiwango cha juu. Tulikuwa nao wakiwa na miaka 24, tukawaacha waende. Sasa hivi tuna Nairobi City Thunder ambao 2025 wamekuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ligi ya klabu za Afrika, na nafurahi sana, nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha, ila natamani pesa ikianza kuingia kwa huu mchezo mtu akumbuke meza ya skoa na yule wa tripodi. Elfu kumi na tano kwa mwezi ingetosha kumfanya mtu asiache. Hiyo ni makadirio yangu, ni kile kingenifanya mimi nisiuze laptopu yangu ya kwanza.

Leo mimi ni kocha msaidizi wa klabu ya wanawake kwa ligi, nalipwa, si nyingi lakini inakuja tarehe inayojulikana, na shule bado sijaiacha, niko pale Jumanne na Alhamisi. Mwalimu wangu amestaafu, yuko kijijini na ng'ombe wawili, na kila mechi lazima nimpigie nimsomee skoa ya kila kota. Haulizi nani alifunga. Anauliza, "Kota ya tatu mlipoteza mipira mingapi?"

Jana usiku nilikuwa nakata klipu za Jumamosi. Wapinzani wana mchezaji wa mkono wa kushoto, mrefu, anapenda kushukia mstari wa chini, na nilikuwa nataka wasichana waone msaada unatakiwa utoke wapi. Tokeni za stima zilikuwa zimebaki yuniti mbili, kwa hivyo nilizima taa nikabaki na mwanga wa laptopu tu. Nikakata sekunde kumi na nne, nikaandika chini, "Angalieni namba tano wetu," nikatuma kwa grupu saa tano na nusu. Tiki za bluu zikaanza kuonekana, wawili, wanne. Wa kwanza kujibu alikuwa yule mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, ambaye msimu huu bado hajaingia hata mechi moja. Akaandika: "Kocha, namba tano alikuwa sawa. Aliyechelewa ni namba nane, angalia miguu yake sekunde ya sita."

Nikarudisha nyuma. Sekunde ya nne, ya tano, ya sita. Namba nane alikuwa amesimama kwa visigino.

Nikafuta klipu kwa grupu, nikaikata upya.